Siku Niliyonyamaza Juu ya Duara la Zamani

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, na nilikuwa nimeinamia karai la viazi vitamu, nakata michembe ya kuanika, Mama Zaituni alipoingia uani kwetu bila kupiga hodi. Hilo peke yake lilinishtua. Mama Zaituni alikuwa mtu wa Kigoma, Mwislamu wa swala tano, na hodi yake ilikuwa ndefu: angesimama kwenye uzio wa minyaa, aulize habari za watoto, za kuku, za mgongo wa bibi, ndipo aingie. Siku hiyo aliingia moja kwa moja, unga wa maandazi umemganda mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Mama Minza," alimwambia mama yangu, "duara limetitia. Wamo chini."

Mama alikuwa anapanga vipande vya viazi juu ya jiwe ili vikauke. Aliendelea kupanga. Nakumbuka alipanga vitatu, vinne zaidi, kwa mstari ulionyooka, ndipo akauliza, "Nani na nani?"

"Baba Minza na wangu. Wengine walikuwa wametoka kunywa chai."

Minza ni mimi. Tuliishi kwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Mwakitolyo, ambako shimo la kuchimbia huitwa duara, ambayo nadhani hayajaandikwa kwenye ramani yoyote. Baba alikuwa mkulima wa pamba, akageuka mchimbaji baada ya misimu miwili mibaya, na mwenzake wa kuzama naye shimoni alikuwa mume wa Mama Zaituni. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka kijijini kututazama mimi na wadogo zangu wawili. Alisema atakaa wiki mbili. Huo ulikuwa mwaka wa pili.

Mtu asiyejua machimbo atauliza kwa nini mama hakukimbilia shimoni. Hakuruhusiwa. Wachimbaji wa kwetu waliamini kwamba mwanamke akikaribia mdomo wa duara, mawe hukasirika na dhahabu hukimbia. Hata Mama Zaituni aliuzia maandazi yake mbali, chini ya turubai, na wanaume ndio waliomfuata. Kwa hiyo kuwafukua waliokwama ilikuwa kazi ya wanaume, na kusubiri ilikuwa kazi yetu, sawa na kuchota maji.

Tulikaa uani. Mama alitoa Biblia yake, akaifunika kwa kiganja bila kuifungua. Mama Zaituni alinawa unga, akachukua tasbihi. Bibi hakuwa na kitabu wala shanga. Alikoroga unga na maji kwenye kibuyu, akamwaga kidogo mlangoni huku akiwataja wazee wa ukoo mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayeita watu waje kusaidia kuinua mzigo. Alipomaliza alitugeukia.

"Hakuna kulia hapa," alisema kwa Kisukuma. "Ukilia umeshamzika."

Basi hakuna aliyelia. Muda ulipita, na habari iliyokuja ilikuwa moja tu: wanachimba. Mama ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Ayubu alipoteza mali na watoto, akakaa kwenye majivu," alisema. "Na hakumkana Mungu."

"Nabii Ayubu ni wetu pia, dada," alisema Mama Zaituni. "Miaka na miaka ya maradhi, wala hakulalamika."

"Kwenye Biblia alilalamika." Mama hakuwa mtu wa kusema uongo hata pale ambapo uongo ungempa faraja. "Alilalamika sana. Sura nyingi."

"Kwetu hakulalamika."

"Basi wenu alikuwa mvumilivu kuliko wetu."

Bibi, ambaye Kiswahili chake kilitosha kununulia chumvi tu, aliniuliza huyo Ayubu ni nani. Nikamweleza nilivyoweza.

"Alikuwa na ng'ombe?"

"Wengi sana, bibi. Mamia."

"Wakafa?"

"Waliibwa wote siku moja."

Bibi aliweka mkono kifuani. Nadhani ndipo alipomhurumia Ayubu kwa dhati. "Na hakuwafuata wezi?"

"Hapana. Alikaa."

"Huyo si mtu wa kwetu," alisema bibi.

Mama alimtafsiria Mama Zaituni, na Mama Zaituni akacheka, kisha akajifunika uso kwa ncha ya khanga kwa aibu ya kucheka. Nimewahi kuwasimulia watu maneno hayo nao wakacheka pia, lakini mimi siku hiyo niliyasikiliza kwa makini kama mtu anayepewa maelekezo. Mama alisema tuvumilie. Mama Zaituni alisema Mwenyezi Mungu yuko pamoja na wenye kusubiri. Bibi alisema tukae tu. Watu watatu waliokuwa hawakubaliani juu ya jina la Mungu walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba mtoto mwema wakati kama huo ananyamaza. Nilitaka baba atoke. Kwa hiyo niliamua kunyamaza kuliko mtu yeyote.

Alasiri mama alinituma maji.

Njia ya kisimani ilipita kando ya duara la zamani. Lilikuwa limeachwa kabla sisi hatujahamia, na mdomo wake ulizibwa kwa matawi ya miiba. Ilisemekana kuna mchimbaji alifia mle na hakutolewa. Watoto wote wa machimbo tulimjua kwa jina la Mtu wa Zamu. Yeye hakujua kwamba amekufa, tuliambiwa. Alijua tu kwamba zamu yake imekwisha na hakuna aliyekuja kumpokea, kwa hiyo aligonga. Bibi alikuwa amenipa masharti tangu wiki yake ya kwanza, kwa sababu hata kijijini kwake mambo ya wafu yalikuwa na masharti. Ukimsikia, usiitikie. Usimwambie mtu mpaka jua lizame mara mbili, atachoka, atanyamaza. Ukisema kabla ya hapo, mtu wa nyumba yako ndiye atakayempokea zamu.

Wengi wetu tulijidai tumemsikia. Mimi sikuwahi. Siku zote nilipita pale mbio, ndoo ikinipiga mgongoni, na kitu pekee nilichosikia ni pumzi zangu.

Siku hiyo sikukimbia. Nilikuwa nimeamua kuwa mtulivu, na nilitembea. Nilipofika sawa na miiba nikasikia ngo, ngo, ngo. Kisha kimya. Kisha ngo, ngo, ngo.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayegonga kinu kwa kifundo cha kidole, mbali sana, chini ya miguu yangu.

Ningependa kusema kwamba nilifikiri. Mtoto wangu wa pili ana umri huo huo sasa, na najua kwamba mtoto wa miaka kumi anaweza kufikiri vizuri akiachiwa nafasi. Lakini mimi kichwa changu kilikuwa kimejaa masharti. Nilichowaza ni kwamba Mtu wa Zamu amesikia kuna watu wawili wamezama wasipande, na sasa anataka mmoja wao. Nikisema, atamchukua baba. Nikinyamaza mpaka jua lizame mara mbili, atachoka. Lilikuwa jambo rahisi kabisa. Nilikuwa nimepewa njia ya kumwokoa baba yangu, na njia hiyo ilihitaji jambo lile lile lililosemwa na wakubwa wote asubuhi nzima.

Nilichota maji nikarudi. Mama aliuliza mbona nimetulia hivyo, nikasema sina neno. Bibi alinisifu. "Huyu ndiye anajua kukaa," aliwaambia wenzake. Sifa hiyo nilikwenda nayo kulala, na usingizi haukuja.

Siku ya pili wanaume walikuwa bado wanatoa udongo. Kila walipotoa, mwingine ulishuka. Jirani mmoja alipita akamwambia mama, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kwamba wanaanza kuzungumza habari ya kuacha. Mama akasema ahsante. Alisema ahsante kama mtu aliyeletewa kikombe kilichoazimwa.

Nilitumwa maji tena, saa nne hivi. Palepale penye miiba nikasikia kugonga, lakini sasa kulikuwa polepole. Ngo. Halafu nafasi ndefu. Ngo. Nilisubiri ya tatu kwa muda mrefu mpaka nikaogopa haitakuja, na ilipokuja nilijikuta nimeshusha pumzi, nimefurahi. Ndipo nilipochanganyikiwa. Kwa nini nifurahie mfu kugonga? Na kama ni mfu, kwa nini anachoka upesi hivi baada ya kugonga miaka yote?

Sheria ilikuwa bado inadai jua moja. Nilirudi na ndoo nusu tupu, nikamvuta bibi nyuma ya jiko.

"Bibi, Mtu wa Zamu anagonga."

Alinishika mdomo kwa kiganja. Kilinuka majivu. Kisha taratibu akakitoa.

"Anagongaje?"

"Mara tatu, ananyamaza. Mara tatu, ananyamaza. Leo amechoka."

"Leo?" alisema. "Na jana?"

"Jana pia. Alasiri."

Bibi alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi maishani, na walimu, na mabosi, na mwanamume aliyenioa, lakini sijawahi kutazamwa vile.

"Ng'wana wane, mwanangu, mbona hukusema?"

"Wewe ulisema tusiseme."

Kisha alifanya jambo ambalo mpaka leo sijaweza kuliweka mahali pake. Angeweza kuniambia kwamba yale yote yalikuwa hadithi za kutishia watoto wasichezee mashimo. Mimi ndivyo ningefanya. Hakusema hivyo. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akasema, "Wewe hujasikia kitu. Hujamwambia mtu. Mimi ndiye niliyesikia, na mimi ndiye ninayesema. Umeelewa?"

Aliamini, basi. Aliamini sheria ile sawasawa, na alikuwa anahamishia kichwani kwake kile alichodhani kitaniangukia.

Alichukua mchi kutoka kwenye kinu akaenda. Mama alimwita, hakugeuka. Nilimfuata kwa mbali na Mama Zaituni nyuma yangu. Bibi alifika kwenye duara la zamani, akaivuta miiba kwa mikono mitupu, akapiga mchi kwenye jiwe la mdomoni mara tatu. Tukasubiri. Kutoka chini kulikuja kugonga, haraka haraka, bila hesabu yoyote, kama mvua ya mawe kwenye bati.

Mama Zaituni alipiga ukelele ambao uliwaleta wanaume wote.

Msimamizi wa machimbo alifika kwanza. Alikuwa mtu mnene wa kutoka Geita, na alikuwa hajalala.

"Bibi, toka hapo! Wanawake hawakai kwenye mdomo wa duara!"

Bibi hakuelewa Kiswahili chake au alijifanya haelewi. Aliketi, miguu yake ikining'inia ndani ya shimo.

"Mwambie," aliniamuru, "kama nimeharibu dhahabu, nimeshaharibu. Sasa achimbe."

Nikamtafsiria. Msimamizi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akavua shati. "Bibi kizee huyu," alisema, "leteni kamba."

Maduara yale mawili, kumbe, yalikaribiana chini kuliko juu. Ukuta uliotenganisha njia ya zamani na pale walipokuwa wamekwama ulikuwa kama urefu wa mkono wa mtu. Waliwatoa kabla ya jua kuzama, baba kwanza, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, kisha Baba Zaituni, aliyefungwa kwenye ubao. Moja ya matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za shimo, lilikuwa limemwangukia mguuni tangu mwanzo.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Mama Zaituni alituletea habari hiyo kutoka hospitali, na akatueleza jinsi daktari alivyomweleza, bila kuficha: mguu ulikaa muda mrefu mno bila damu. Ungewahi, labda. Alilisema neno hilo, labda, akafungua mikono yake, akaendelea na habari za nauli ya basi. Mimi nilikuwa nachochea moto. Nilichochea mpaka mama akaninyang'anya kuni.

Kutoka alasiri ile mpaka saa nne ya siku ya pili. Nimezihesabu saa hizo mara nyingi. Sikumwambia mtu, na bibi aliendelea kusema kwa kila aliyeuliza kwamba ni yeye aliyesikia, asubuhi ile ile. Watu walimletea zawadi za sukari. Alizipokea bila kunitazama.

Wiki tano baadaye Baba Zaituni alirudi kwa magongo. Mama alisema watakula kwetu. Jogoo alichinjwa na Baba Zaituni mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooka na mwingine umeishia kwenye suruali iliyokunjwa. Mama alisonga ugali mkubwa, na mimi nikapewa birika na bakuli niwanawishe wageni.

Nilimnawisha baba. Nilimnawisha Baba Zaituni, nikaangalia maji, sikumwangalia yeye.

"Ahsante, mwanangu."

Baba aliuliza kama chumvi ipo. Kisha, akiwa bado anatazama mikono yake iliyolowa, akasema kama mtu anayeongea habari za kazi, "Siku ya kwanza hatukugonga."

Hakuna aliyemwuliza. Mama aliinua macho.

"Dari lilikuwa linamwaga mawe madogo madogo," baba aliendelea. "Baba Zaituni alisema tukigonga litashuka lote. Tusubiri. Tulikaa hivyo, hata kukohoa tulikohoa ndani ya shati. Tulianza kugonga siku ya pili, kulipokucha."

Bibi alikuwa anatafuna kitu ambacho hakikuwa mdomoni. Mimi nilisimama na birika. Nilijua bibi amemwambia baba kwamba nilisikia tangu alasiri ya siku ya kwanza. Au hakumwambia. Kutoka usoni kwake hukuweza kutoa kitu.

"Mlijuaje kumekucha?" niliuliza. Sauti ilitoka kabla sijaizuia. "Chini hakuna jua."

Baba alimtazama mwenzake. Baba Zaituni alijikuna ndevu.

"Kwa swala," alisema hatimaye. "Niliswali kwa kukisia. Adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Nikaona sasa ni alfajiri. Nikamwambia, haya, gonga."

"Umekisia," alisema mama.

"Nimekisia, shemeji. Kule chini, ukiwa na mguu kama ule, swala moja na nyingine..." Hakumaliza. Alitabasamu, na tabasamu lake lilinielekea mimi, na mpaka leo sijui lilisema nini. Mtu mwenye maumivu na hofu gizani anaweza kuswali tano katika saa mbili na akaapa ni siku nzima. Au anaweza kuwa na subira ya kweli, akazipanga kama mama alivyopanga viazi.

Kwa hiyo nilichosikia alasiri ile ni nini? Kama walikuwa wameanza kugonga, mguu wa Baba Zaituni ulikatwa kwa sababu ya ukimya wangu, na watu wawili wazima ama walikosea hesabu gizani, ama walikubaliana kunidanganya wakati wananawa mikono. Kama walikuwa hawajaanza, basi kuna mwingine aliyegonga mle, na mimi nilifanya sawasawa nilivyofundishwa, na yule alikuwa anaomba kitu ambacho hakuna aliyempa. Ningependa kuchagua. Nimeshindwa. Bibi aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na kama Mtu wa Zamu alikuwa anamngoja ampokee, naye alikuwa na subira nyingi. Alikufa usingizini kijijini kwake. Baba alikwishakufa pia, kwa presha, na Baba Zaituni alirudi Kigoma na familia yake. Hakuna wa kumwuliza.

Sasa ninaishi Nyasubi, nina watoto wanne na mashine mbili za kushonea. Ijumaa nasikia mawaidha ya msikiti uliopo mtaa wa nyuma, Jumapili nasikia ya kanisani kwangu, na pande zote mbili huwa wanaisifu subira, na mimi huitikia, kwa sababu nimewaona watu walioishi kwayo na sikuona wakijidanganya. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunieleza namna ya kujua, ukiwa umekaa kimya, kama unavumilia au unamwacha mtu chini ya ardhi. Wanangu nimewaambia jambo moja tu: ukisikia mtu anagonga, njoo useme, hata kama mimi ndiye niliyekukataza.

Jioni ile sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa na birika zito, na watu walikuwa na njaa. Baba Zaituni alisema bismillahi yake, mama akafumba macho akasema yake, bibi akamega tonge dogo akalidondosha chini kwa ajili ya wazee, na ugali ukawa unatoa mvuke ukingoja wote wamalize. Mama aligawa kuku. Alitupitia mmoja mmoja kwa mwiko, midomo yake ikisogea: baba, bibi, wadogo zangu wawili, Baba Zaituni, mkewe, Zaituni na kaka yake. Alisita kidogo, akageuka, akaniona nimesimama nyuma yake.

"Na wewe," alisema. "Kaa. Sasa tumetimia."